Kabla hujanunua kemshafti, pima springi

Kijana mmoja alinijia na kemshafti mbili, vile vyuma virefu vyenye nundu vinavyofungua valvu za injini, zimefungwa gazeti. Alikuwa kazinunua kwa mtu, za injini ya Toyota ya 1JZ isiyo na tabo (kifaa kinachosukuma hewa ya ziada ndani ya injini), na kwenye ncha ya chuma pamegongwa namba 272. Gari lake ni Mark II, otomatiki, linatoka Kimara kwenda Posta na kurudi kila siku ya kazi. "Fundi, nataka hizi za kiwandani zitoke, ziingie hizi. Nataka gari liwe na nguvu." Nikamuuliza, springi za valvu zikoje? Akasema, "Zile zile, fundi, mbona nzima."

Jibu hilo ndilo limenifanya niandike. Watu wengi wanaojenga injini za kutembelea mjini hununua kemshafti mwezi huu, na springi wanaziwazia mwaka kesho kama hela itabaki. Lakini vitu hivi viwili ni uamuzi mmoja. Na kwa gari la Dar es Salaam, uamuzi huo unaanzia kwenye barabara unayopita kila siku. Namba iliyogongwa kwenye chuma inakuja baadaye sana.

Tuanze na kazi yenyewe. Krenki, ile shafti inayozungushwa na pistoni, ikizunguka mara mbili, kemshafti inazunguka mara moja. Injini ikifika mizunguko 6,000 kwa dakika, kemshafti inafanya 3,000, na kila valvu inafunguka na kufunga mara 50 katika sekunde moja. Nundu ya kemshafti ndiyo inayosukuma valvu ifunguke. Kuifunga haiwezi, anayeirudisha valvu kwenye kiti chake ni springi peke yake. Lishike hilo, tutalirudia.

Nundu imebeba mambo matatu. La kwanza ni milimita ngapi inaisukuma valvu, nami nitauita mnyanyuo. La pili ni digrii ngapi za mzunguko wa krenki valvu inakaa wazi: huo ni muda wa uwazi, na ndizo hizo 256, 264 na 272 zinazotajwa vijiweni. La tatu ni pembe kati ya kilele cha nundu ya kuingiza hewa na kilele cha nundu ya kutolea moshi. Kwenye injini ya kemshafti mbili pembe hiyo inaweza kubadilishwa kidogo kwa kufunga puli za kurekebishika. Kwenye injini ya kemshafti moja imeshachongwa, huigusi.

Sasa, namba 272 imepimwa kuanzia wapi? Hapa watu wengi wanapotea. Mtengenezaji mmoja anaanza kuhesabu pale valvu inapoanza tu kujitikisa. Mwingine anaanza ikiwa imeshafunguka 1 mm. Wamarekani wana desturi ya kutoa pia kipimo cha kuanzia inchi 0.050, yaani 1.27 mm. Kemshafti moja, mkononi mwa mpimaji mmoja, inaweza kusoma 272 kwa njia ya kwanza na digrii 30 au 40 pungufu kwa njia ya mwisho. Kwa hiyo mtu akikwambia yake ni 230 na ya kwako ni 264, usikimbilie kusema ya kwako ndiyo kubwa. Muulize imepimwa kwa mnyanyuo gani. Bila jibu hilo, namba mbili hazilinganishiki kabisa, na muuzaji asiyeweza kulijibu hana karatasi ya kemshafti anayoiuza.

Mlango unapofungwa

Watu wanapenda kuzungumzia mnyanyuo, kwa sababu milimita inaeleweka haraka. Mimi ningewaomba waanzie mahali pengine kabisa: valvu ya kuingiza inafunga lini?

Pistoni inashuka ikivuta hewa na mafuta. Inafika chini, inageuka, inaanza kupanda, na valvu ya kuingiza bado iko wazi. Hilo ni la makusudi. Injini ikiwa kwenye mizunguko mingi, hewa kwenye bomba la kuingizia ina kasi, nayo inaendelea kujisukuma ndani hata pistoni ikiwa imeshaanza safari ya juu. Silinda inajaa vizuri zaidi. Lakini injini ikiwa kwenye mizunguko 1,500, hewa haina kasi hiyo. Pistoni inapopanda na mlango ukiwa wazi, sehemu ya ile hewa iliyokwisha kuingia inarudishwa ilikotoka.

Tuihesabu. Chukua injini yenye mwendo wa pistoni wa 77 mm na konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki) ya 122 mm, kama zilivyo Toyota za familia ya 4A, na mgandamizo wa 9.5 kwa 1, yaani pistoni ikifika juu hewa imebanwa mara 9.5. Weka kemshafti ya digrii 240 ambayo kilele chake cha kuingiza kiko digrii 110 baada ya pistoni kuwa juu kabisa. Valvu ya kuingiza itafunga digrii 50 baada ya pistoni kugusa chini, na pistoni itakuwa imeshapanda kama 10 mm. Sasa toa hiyo, weka ya 272 kwa mpangilio ule ule. Valvu inafunga digrii 66 baada ya chini, na pistoni imeshapanda karibu 18 mm. Ukihesabu mgandamizo kuanzia pale mlango ulipofungwa, umeshuka kutoka takriban 8.4 hadi karibu 7.6.

Bloku hujaigusa, gasketi ni ile ile, ila nguvu ya chini umeitoa kwa mkono wako mwenyewe. Ndiyo maana wanaojenga injini za mashindano wakiongeza kemshafti huongeza na mgandamizo, ili kurudisha kilichopotea. Kwenye gari la foleni njia hiyo ina hatari yake: injini yenye mgandamizo mkubwa, imepata joto, AC inafanya kazi, hewa ya nje ina nyuzi 32, halafu unakanyaga mafuta ghafla kutoka mizunguko ya chini. Ndipo inapoanza kugonga, yaani mchanganyiko wa hewa na petroli unalipuka wenyewe silindani.

Jambo la pili linalokuja na muda mrefu wa uwazi ni mwingiliano: kile kipindi kifupi, pistoni ikiwa juu, ambapo valvu ya kutolea haijafunga na ya kuingiza imeshafunguka. Hesabu yake ni rahisi. Kama nundu zote mbili ni sawa, chukua muda wa uwazi, toa mara mbili ya ile pembe kati ya vilele. Kwa pembe ya 110, kemshafti ya 240 ina mwingiliano wa digrii 20. Ya 264 ina 44. Ya 272 ina 52. Kwenye mizunguko mingi, moshi unaotoka kwa kasi huvuta hewa mpya nyuma yake, na hiyo ni faida tupu. Kwenye mizunguko michache moshi hurudi kwenye bomba la kuingizia, hewa mpya inachafuka, na injini inatikisika ikiwa imesimama. Ule mngurumo wa kuyumba ambao vijana wanaupenda ndio huo. Ni sauti ya silinda ambazo hazijajaa vizuri.

Pamoja nao unapungua mvuto wa hewa kwenye bomba la kuingizia, na mvuto huo una kazi zake. Sevo ya breki, inayokusaidia kukandamiza kanyagio, inautegemea. Gari ambalo kanyagio lake lilikuwa laini linakuwa gumu, na utaligundua hilo ukiwa nyuma ya daladala iliyosimama ghafla. Kontroli boksi nayo, yaani kompyuta ya injini, kwenye injini zinazopima msukumo wa hewa kwenye bomba badala ya kupima hewa inayopita, inasoma mvuto hafifu na kudhani umekanyaga mafuta. Inamwaga petroli zaidi. Plagi zinakuwa nyeusi, gari linanuka, na fundi mwingine anabadilisha sensa ambayo haina kosa lolote.

Injini yako inaishi wapi

Ninapomuuliza mtu hivi, huwa anataja mwisho wa geji ya mizunguko. Anasema, "Inafika 7,000." Sawa, inafika. Lakini inaishi wapi?

Kaa kwenye Barabara ya Mandela saa kumi na moja jioni, kutoka Ubungo hadi TAZARA, uangalie geji yako. Utaiona kati ya 700 na 2,500 karibu safari nzima. Kasi ya juu kisheria kwenye maeneo ya makazi ni kilomita 50 kwa saa. Hata usiku Barabara ya Bagamoyo ikiwa wazi, gari la lita mbili na nusu linakwenda mwendo wa kawaida bila kuvuka 3,000. Kemshafti inayoanza kuamka kwenye 4,500 utaionja kwa sekunde chache kwa siku, na saa zote zilizobaki utaendesha gari zito kuliko lile uliloletewa kutoka bandarini.

Otomatiki inaongeza ugumu. Ukiwa umesimama kwenye taa na gia iko D, injini inabeba mzigo kwenye mizunguko 600 au 700. Ongeza kompresa ya AC. Kemshafti yenye mwingiliano wa digrii 52 haiwezi kubeba hayo ikiwa imetulia. Itabidi uipandishe hadi 900 au 1,000, na gari litakuwa linasukuma mbele muda wote huku wewe umekandamiza breki, zile zile ambazo sevo yake imepungukiwa mvuto. Mwenye gia ya mkono na difu fupi (inayoiacha injini izunguke zaidi kwa mwendo ule ule) ana nafasi zaidi. Otomatiki ya kiwandani inataka nguvu ya chini, basi.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Injini isiyo na tabo, inayobaki na pistoni za kiwandani na kontroli boksi ya kiwandani, isivuke 256, au 264 kama gia ni ya mkono na mwenyewe yuko tayari kulipia urekebishaji wa kontroli boksi. Ongezeko la mnyanyuo linaleta madhara machache zaidi huku chini kuliko ongezeko la muda wa uwazi. Ukipewa kemshafti mbili zenye digrii sawa, ile yenye mnyanyuo mkubwa kidogo ndiyo rafiki wa mjini, mradi springi na pistoni vinairuhusu. Na kama injini ni 1NZ-FE ya IST au 1G-FE inayohitaji kwanza pampu ya maji na sili za valvu, hela ianzie huko.

Wenye tabo wana hesabu tofauti. Tabo ndogo za kiwandani hubana moshi, na msukumo wa moshi kabla ya tabo unaweza kuzidi msukumo wa hewa inayoingia. Ukiwapa mwingiliano mkubwa, moshi unarudi silindani. Wanahitaji nundu zilizotenganishwa zaidi, ili mwingiliano uwe mdogo hata muda wa uwazi ukiongezeka. Kwenye 1JZ-GTE yenye tabo za kiwandani, kemshafti ya kiwandani inaweza kwenda mbali sana kabla haijawa ndiyo kizuizi.

Na VVT-i, ule mfumo wa Toyota wa kubadilisha wakati wa valvu? Inaisogeza kemshafti mbele au nyuma kulingana na mizunguko, na hilo linasaidia sana kurudisha nguvu ya chini, kwa sababu inaweza kuufunga ule mlango mapema. Haibadilishi urefu wa muda wa uwazi wala mnyanyuo. Kumbuka tu kwamba ikiwa imesogeza mbele kabisa, valvu ya kuingiza inafunguka mapema na kuikaribia pistoni zaidi. Vipimo vyote vya nafasi vifanywe kwenye hali hiyo.

Springi

Hapa ndipo ninapotaka msomaji atulie, kwa sababu hapa ndipo injini zinapokufa.

Springi ina kazi ya kuhakikisha tapeti, kile kikombe kilicho kati ya nundu na valvu, haiachani na nundu. Nundu inapofika kilele na kuanza kushuka, valvu, kofia ya springi na tapeti bado vina mwendo wa kwenda mbele. Springi lazima ivisimamishe na kuvirudisha. Nguvu inayotakiwa inakua kwa mraba wa mizunguko. Ukipandisha kikomo kutoka 6,500 hadi 7,500, mizunguko imeongezeka kwa asilimia 15 tu, lakini nguvu inayotakiwa imeongezeka kwa asilimia 33. Na nundu yenye mnyanyuo mkubwa inayopanda na kushuka kwa ukali inadai zaidi ya hapo.

Springi ikishindwa, valvu inaelea. Tapeti inaruka juu ya nundu, valvu inachelewa kurudi, kisha inatua kwenye kiti kwa kishindo na kudunda. Ukiwa ndani ya gari unasikia injini inamisi kwenye mizunguko ya juu na nguvu inakata. Watu hubadilisha plagi, koili, pampu ya mafuta. Wakati huo huo viti vya valvu vinapigwa nyundo, na siku valvu inachelewa kupita kiasi inakutana na pistoni.

Tena springi zinachoka. Injini nyingi tunazofunga zimetoka kwenye magari ya mtumba au zimenunuliwa Shaurimoyo zikiwa na miaka 20 na zaidi, na haijulikani zilichemshwa mara ngapi. Springi iliyochoka haionekani kwa macho. Inang'aa, imenyooka, na imepoteza nguvu. Ipimwe kwa mashine ya kukandamizia, ikiwa kwenye urefu ule ule inaofungwa nao kwenye hedi ya injini, halafu kwenye urefu wa valvu ikiwa wazi kabisa. Usipime urefu wake ikiwa imelala mezani ukadhani umemaliza.

Tuseme springi ikiwa imefungwa ina urefu wa 34 mm na inasukuma kilo 20. Kila milimita unayoikandamiza inaongeza kilo 3. Kwa mnyanyuo wa 8 mm, valvu ikiwa wazi kabisa springi inasukuma kilo 44. Kwa mnyanyuo wa 10 mm ni kilo 50. Mpaka hapo ni sawa. Sasa angalia upande wa pili: springi hiyo ina pete sita na nusu za waya wa 3.6 mm. Zikigusana zote, urefu wake ni 23.4 mm na haiwezi kwenda chini ya hapo. Kwa mnyanyuo wa 8 mm inafika 26, kuna nafasi ya 2.6 mm. Kwa mnyanyuo wa 10 mm inafika 24, imebaki 0.6 mm tu. Hiyo haitoshi. Wajenzi wengi wanataka ibaki kati ya 1 na 1.5 mm, kwa sababu springi inapofanya kazi haraka pete zake zinacheza zenyewe kama wimbi. Zikigusana, chuma kinakuwa kimegongana na chuma, na kitakachovunjika ni nundu, tapeti au kofia ya springi. Pima pia sehemu ya chini ya kofia isije ikaponda sili ya valvu mnyanyuo ukiwa kamili; hapo nako acha 1.5 mm hivi.

Basi tufunge springi ngumu kuliko zote? Hapana, na kosa hili nimeliona mara nyingi kama lile la kwanza. Kila kilo ya ziada inabebwa na ncha ya nundu, juu ya utando mwembamba wa oili. Kwenye foleni, mizunguko ikiwa michache, nundu inapita polepole, oili ina joto na imekuwa nyepesi, na hapo ndipo msuguano unakuwa mbaya zaidi. Springi za gari la mashindano kwenye gari la Mandela zinakula nundu, zinachosha taimingi belti na kuipa injini mzigo usio na faida. Tafuta springi iliyopendekezwa na aliyechonga kemshafti, kwa kikomo cha mizunguko unachokitumia kweli. Kupunguza uzito wa kofia ya springi mara nyingi ni bora kuliko kuongeza kilo, maana kinachopepesuka ni uzito. Springi mbili, moja ndani ya nyingine, zina faida yake: hazitikisiki kwa mapigo sawa, kwa hiyo moja inatuliza mtikisiko wa nyingine, na moja ikivunjika ya pili inaizuia valvu isidondokee silindani.

Wenye tabo waongeze hesabu hii. Hewa yenye msukumo wa bar 1 inasukuma mgongo wa valvu ya kuingiza. Valvu yenye upana wa 33 mm inasukumwa kwa karibu kilo 9. Kama springi yako ina kilo 20 kwenye kiti, imebaki na 11.

Siku ya kufunga

Kuhusu kemshafti zinazochongwa upya kwenye karakana za hapa mjini: inawezekana, na wapo mafundi hodari. Elewa tu kinachofanyika. Ili nundu iwe na mnyanyuo mkubwa bila kuongeza chuma, wanapunguza duara la chini. Nafasi ya tapeti inakuwa kubwa, utahitaji shimu (vipande vya chuma vya kujaza nafasi hiyo) nene zaidi, na kama hazipatikani kazi imekwama. Uliza kabla chuma hakijaguswa.

Nafasi kati ya valvu na pistoni ipimwe, hata kama injini inasifika kwamba belti ikikatika haipondi valvu, kama 4A-FE. Sifa hiyo ni ya kemshafti za kiwandani. Bandika udongo wa plastisini juu ya pistoni, funga hedi, zungusha kwa mkono, fungua, ukate udongo na upime pale ulipobonyea zaidi. Acha walau 2 mm upande wa kuingiza na 2.5 mm upande wa kutolea, ambao unapata joto zaidi na kurefuka. Hatari kubwa haiko kwenye kilele cha mnyanyuo. Pistoni wakati huo iko mbali chini. Iko kwenye mwingiliano, digrii chache kabla na baada ya pistoni kufika juu.

Yule kijana wa Mark II tulizipima springi zake zote 24. Tano zilikuwa zimepoteza nguvu kuliko nyingine, mbili zikiwa kwenye silinda moja. Kemshafti za 272 alimuuzia mtu mwenye gari la gia ya mkono. Alinunua springi mpya na kemshafti za 256, akasubiri wiki mbili shimu zipatikane. Tukapaka mafuta ya kufungia kwenye kila nundu, tukaseti tapeti, tukafunga belti. Plagi tukaziacha nje, tukaweka spana kwenye boliti ya krenki na kuzungusha kwa mkono mizunguko miwili kamili, polepole, tukisikiliza kama kuna mahali inagoma. Haikugoma. Tukazungusha miwili mingine, alama za puli zikarudi mahali pake, ndipo nikamwambia alete ufunguo.